Nyumbani Dice 0.92, kwenye seva 0.70: kosa ni modeli, ni kanuni za BraTS-Africa au ni faili ninazopeleka?

#1 Kinyonga_255
Wakuu, habari. Naandaa wasilisho la BraTS-Africa, lile shindano la kuchora mipaka ya glioma (aina ya uvimbe wa ubongo) kwenye MRI. Modeli ni nnU-Net v2 (programu huria ya kuchora mipaka kwenye picha za tiba), 3d_fullres, mafungu matano (kila fungu linapimwa na modeli isiyoliona), imefunzwa kwa wagonjwa 1,251 wa BraTS ya watu wazima pamoja na 60 wa Afrika. Hesabu ya nnU-Net yenyewe kwenye mafungu, kwa Dice (mchoro unavyolingana na wa mtaalamu, 1 ni kamili): uvimbe wote 0.92, kiini 0.88, sehemu inayong'aa kwa dawa 0.85. Nimepandisha majibu ya wale 15 wa uthibitishaji, seva ya shindano imerudisha hivi (HD95 ni umbali wa kingo kwa mm, mdogo ndio mzuri):

uvimbe wote 0.70, HD95 90
kiini 0.41, HD95 97
sehemu inayong'aa 0.66, HD95 88

Lebo, yaani namba ya kila aina ya tishu, nimekagua. Kanuni za tangu 2023 zinataka 1, 2, 3 na nnU-Net inatoa 1, 2, 3. Majina ya faili yako sawa, maana seva imepokea zote 15. Kanuni nimezisoma mara mbili sioni nilipokosea. Naomba macho yenu kabla sijafunga kontena (kifurushi cha Docker chenye modeli na msimbo).

#2 FundiKontena
Lebo hiyo mkuu. Sehemu inayong'aa ni 4, siyo 3. Badilisha, pandisha tena, uzi ufungwe.

#3 MamaVokseli
#2 usimpoteze mwenzio. Hiyo 4 ni ya zamani. Miaka ya mwanzo, BraTS ilipoanza 2012, kulikuwa na 1, 2, 3 na 4. Mwaka 2017 lebo 3 ikaondolewa, ikaunganishwa na 1, ndiyo maana kwa miaka kadhaa tulikuwa na 1, 2, 4 yenye pengo katikati. Mwaka 2023 wakaziba pengo: tishu iliyokufa 1, uvimbemaji 2, inayong'aa 3. Halafu 2024, kwenye picha za baada ya upasuaji, 4 ikarudi ikiwa na maana nyingine kabisa, ni tundu lililoachwa na upasuaji. Ukisoma msimbo wa mtu, uliza kwanza ni wa mwaka gani.

Tena angalia namba zake. Angepeleka 4 mahali pa 3, sehemu inayong'aa ingekaribia sifuri kwa wagonjwa karibu wote. Yeye ana 0.66. Kwa hiyo 3 yake inasomeka.

Kinachonitia shaka ni kiini, 0.41. Kinyonga, data uliigeuza kwa ile skripti ya BraTS inayokuja na nnU-Net, Dataset137?

#4 Kinyonga_255
Ndiyo, hiyohiyo. Majina ya faili tu, na ile 4 kuwa 3, ndiyo niliyobadilisha ili isome ya 2023.

#5 MamaVokseli
Basi sehemu moja ya jibu hii hapa. Skripti ile hubadilisha namba wakati wa kuingiza: 2 inakuwa 1, 1 inakuwa 2, 4 inakuwa 3. Sababu ni kwamba nnU-Net inataka lebo zifuatane, na mafunzo ya kanda yanapanga uvimbe wote kwanza, kiini, kisha inayong'aa. Kwa hiyo ndani ya nnU-Net yako uvimbemaji ni 1 na tishu iliyokufa ni 2. Umeona 1, 2, 3 upande huu na 1, 2, 3 upande ule ukadhani ni zilezile. Namba zinafanana, maana zimepishana.

Angalia inavyouma. Seva inahesabu uvimbe wote kama 1+2+3, hapo kupishana hakuonekani. Inayong'aa ni 3, haikuguswa. Kiini ni 1+3, na wewe kwenye 1 umeweka uvimbemaji. Kanda moja imeharibika, mbili zimepona, sawasawa na jedwali lako.

Na usikimbilie ile kazi ya kurudisha lebo iliyo kwenye skripti hiyohiyo. Inabadilisha 1 na 2 vizuri, lakini 3 inaigeuza 4 kwa sababu iliandikwa kwa ajili ya 2021. Andika yako, mistari mitatu:

`mpya = np.zeros_like(seg)`
`mpya[seg==1] = 2; mpya[seg==2] = 1`
`mpya[seg==3] = 3`

Lazima iwe safu mpya. Ukibadilisha ndani ya `seg` yenyewe, 1 ikishakuwa 2, amri inayofuata inaigeuza tena 1.

#6 Tumbili_wa_Ngong
FundiKontena bado ana BraTS ya 2021 moyoni. Mwacheni na 4 yake 😂

#7 FundiKontena
Nimekubali, kosa langu. Ila uzi ukifika kwenye kontena mtaniita wenyewe.

#8 JichoLaMRI
MamaVokseli ameeleza kiini. Hajaeleza kwa nini uvimbe wote ni 0.70 wakati haukuguswa na lebo.

Upande wa picha: seti ya Afrika haifanani na ile 1,251. Picha zake za mwanzo zilikusanywa katika vituo vya Nigeria, nyingi zina mwonekano hafifu zaidi, na wagonjwa hufika hospitali uvimbe ukiwa umeshakua sana. Waandaaji wanapanga kila kitu kwenye gridi ya 240×240×155 ya mm 1, kwa hiyo kichwa cha faili kitakuambia mm 1 hata kama kipande cha asili kilikuwa kinene mara kadhaa. Fungua picha kwa upande, uitazame kutoka sikioni: kingo zimekuwa ngazi. Modeli iliyozoea picha kali inayumba hapo. Fuvu likiondolewa vibaya kukabaki utando karibu na jicho, FLAIR (picha ya MRI inayoonyesha uvimbemaji) inang'aa na modeli inachora uvimbemaji pasipo na kitu.

Jambo la pili ni hesabu yako ya nyumbani. Wagonjwa 1,311 kwa mafungu matano ni kama 262 kila fungu, na kati yao wa Afrika ni 12 hivi. Hiyo 0.92 ni alama ya wale 250 wengine. Toa wastani wa wale 60 peke yao, ndipo ulinganishe na seva.

#9 Mzee_wa_Jedwali
Daktari, heshima yako, lakini kabla ya kulaumu mashine za MRI tulaumu kikokotoo. Kinyonga analinganisha vitu viwili tofauti. nnU-Net inahesabu Dice moja kwa ubongo mzima. BraTS tangu 2023 inahesabu kwa kila kidonda: inachukua jibu la mtaalamu, inalitanua kidogo ili vipande vilivyokaribiana vihesabiwe kimoja, inatenga vidonda, kisha inatafuta kila kidonda kimeguswa na nini kwenye jibu lako. Kidonda ulichokikosa kinapata Dice 0 na HD95 374. Doa ulilolichora pasipo na kidonda, vilevile 0 na 374. Kisha jumla inagawanywa kwa idadi ya vyote: ulivyopata, ulivyokosa na ulivyozua.

Mgonjwa mmoja, kidonda kimoja, umekichora kwa 0.92 na HD95 ya 4. Umeacha doa moja la vokseli chache (nukta za picha ya 3D) upande wa pili wa ubongo. Dice: (0.92 + 0) / 2 = 0.46. HD95: (4 + 374) / 2 = 189. Kwa kikokotoo cha zamani doa hilo lisingeonekana hata kwenye tarakimu ya tatu.

Sasa chukua wagonjwa 15. Wanane wako safi, saba wana doa mojamoja. Dice: (8 × 0.92 + 7 × 0.46) / 15 = 0.705. HD95: (8 × 4 + 7 × 189) / 15 = 90.3. Kinyonga, soma tena mstari wako wa kwanza: 0.70 na 90. Modeli haijaharibika, ina uchafu.

#10 Tumbili_wa_Ngong
Mzee 374 umeitoa wapi? Ulalo wa boksi la 240×240×155 ni mzizi wa 139,225, yaani 373.13. Usituongezee adhabu.

#11 Mzee_wa_Jedwali
#10 hesabu yako ni sahihi kwa kanuni za zamani, waliandika 373.13 hivyohivyo. Kikokotoo cha kidonda kwa kidonda kimeandikwa 374 kamili. Ukiona jedwali la makala lenye 373.13, hiyo ni hesabu ya ubongo mzima. Ni njia nzuri ya kujua mtu anajivunia kipimo kipi.

#12 JichoLaMRI
Hesabu ya #9 ni nzuri na siipingi. Ila hayo madoa saba yametoka wapi? Mbona kwenye wale 1,251 hayapo? Umeeleza adhabu inavyokatwa, hujaeleza kosa lilivyozaliwa.

#13 Mzee_wa_Jedwali
Nani kasema kwa wale 1,251 hayapo? Yapo, ila nnU-Net haikumuonyesha. Kikokotoo cha BraTS kiko wazi mtandaoni, akiendeshe kwenye mafungu yake ya nyumbani, ndipo mimi na wewe tubishane.

#14 PembeChaki
Kabla hamjafika mbali: Kinyonga, majibu ya hao 15 uliyatoa kwa `nnUNetv2_predict` kwenye folda iliyoandaliwa, au kwa msimbo wa kontena unaosoma folda za wagonjwa moja kwa moja?

#15 Kinyonga_255
Kwa msimbo wa kontena, ili niujaribu kabisa. Unapita kila folda, unaorodhesha faili kwa `sorted(os.listdir())`, unazipa `_0000` hadi `_0003`, namba za chaneli za nnU-Net.

#16 PembeChaki
Nilijua. Majina ya 2023 yanaishia t1c (T1 yenye dawa), t1n (T1 ya kawaida), t2f (FLAIR), t2w (T2), aina nne za picha ya MRI, na hivyo ndivyo `sorted` itakavyozipanga. Skripti ya Dataset137 inapanga T1 ya kawaida kwanza, T1 yenye dawa ya pili, T2 ya tatu, FLAIR ya nne. Kwa hiyo kontena lako linampa modeli T1 yenye dawa mahali pa T1 ya kawaida, na FLAIR mahali pa T2. Jozi zote mbili zimebadilishana viti.

Halitoi kosa lolote. Idadi ya chaneli ni nne, ukubwa ni uleule, modeli inachora kitu. Ubaya wake ndio huo. Kamwe usipange chaneli kwa alfabeti, andika orodha kwa mkono: `['t1n','t1c','t2w','t2f']`.

#17 MamaVokseli
PembeChaki, tahadhari ni nzuri, lakini je, ingebaki 0.66 kwenye inayong'aa kama dawa iko kiti kisicho chake? Modeli inajua king'aacho kwa kulinganisha T1 mbili. Ukizigeuza, ningetegemea ianguke zaidi ya hapo.

#18 PembeChaki
Ingetegemea. Amesema alibadilisha majina kwenye skripti ili isome ya 2023. Huenda na mafunzoni alipanga kwa alfabeti, na kama ni hivyo hakuna tatizo, pande zote zimekosea pamoja. Afungue `dataset.json` aone `channel_names`, kisha afungue faili moja ya `_0000` kwenye folda ya mafunzo aitazame kwa macho. `dataset.json` inasema ulichokusudia. Picha inasema ulichofanya.

#19 Nahodha_Mkavu
Mnaongelea chaneli, mie nauliza mhimili. SimpleITK inatoa safu kwa mpangilio wa z, y, x, nibabel inatoa x, y, z. Ukisoma kwa moja na kuandika kwa nyingine, faili inatoka (155, 240, 240). Hiyo seva huikataa na unajua. Inayopita kimyakimya ni pale unaposahau `CopyInformation`: ukubwa ni sawa, lakini asili na mwelekeo wa picha vimerudi kwenye thamani za kuanzia. Vikokotoo vingine vinasoma safu tu, vingine vinaheshimu kichwa cha faili. Usibahatishe kipi ni kipi, nakili kichwa kutoka kwenye picha uliyopewa, na andika lebo kwa uint8.

#20 JichoLaMRI
#19 mwelekeo ungekuwa umegeuka uvimbe wote usingefika 0.70. Glioma nyingi zimeelemea upande mmoja. Geuza kushoto kulia, Dice inakufa kabisa.

#21 Kinyonga_255
Nimerudi. Asanteni. Nimerekebisha lebo kama alivyosema MamaVokseli, nimepandisha tena: kiini kimetoka 0.41 hadi 0.69. Nyingine mbili hazikusogea, kama alivyotabiri. Mpangilio wa chaneli nimeukagua: mafunzoni pia ulikuwa wa alfabeti, PembeChaki amepatia kwenye #18. Kwa hiyo sasa nina 0.70, 0.69, 0.66 na swali ni lilelile. Wale 60 wa Afrika peke yao naendesha kikokotoo usiku huu.

Wakati huo FundiKontena, karibu jukwaani.

#22 FundiKontena
Nilisema mtaniita. 

Kwenye awamu ya uthibitishaji unapeleka majibu, picha unaziona. Kwenye mtihani wa mwisho picha huzioni, unapeleka kontena na wao ndio wanaliendesha. Synapse, tovuti inayoendesha shindano, inataka uwe umejiandikisha kwenye shindano na timu, na akaunti iwe imepita ule mtihani mfupi wa kanuni za data, bila huo husukumi kontena. Fanya mapema, watu hukumbuka siku ya mwisho. Kisha `docker login docker.synapse.org`, unaipa taswira jina lenye namba ya mradi wako wa Synapse, `docker push`, na kwenye ukurasa wa mradi unachagua toleo la kupeleka kwenye foleni. Kusukuma peke yake siyo kuwasilisha. Wengi huishia hapo wakisubiri matokeo yasiyokuja.

Mwaka 2023 waliongeza MLCube, kifungashio sanifu cha kontena: folda yenye `mlcube.yaml`, kazi iitwe `infer`, ipokee `data_path` na `output_path`. Njia za folda usizikaze ndani ya msimbo, zisome kwenye hoja.

Jaribu nyumbani kama wao watakavyoendesha, intaneti ikiwa imezimwa:

`docker run --rm --network none --gpus all --shm-size=2g -v $PWD/ndani:/input:ro -v $PWD/nje:/output jina:v1`

Hiyo `--network none` ndiyo inayofichua kontena linalopakua faili za modeli likiamka. Hiyo `:ro` inafichua msimbo unaoandika faili za muda kwenye folda ya kuingizia, ziandikie `/tmp`. Na `--shm-size` ni kwa sababu Docker inakupa MB 64 tu za kumbukumbu ya pamoja, wafanyakazi wa PyTorch wakizidi hapo unaona "bus error" bila maelezo. Kama huna uhakika wao wanaweka ngapi, punguza wafanyakazi.

Mwenye kompyuta ya Mac ya chipu za M1 na kuendelea: `--platform linux/amd64` wakati wa kujenga, la sivyo utapata "exec format error". Mwenye Windows: `entrypoint.sh` ikihifadhiwa na mwisho wa mstari wa Windows, Linux itakuambia faili haipo wakati unaiona kwa macho. Hiyo imemaliza usiku wa watu wengi.

#23 Bi_Kontua
Na ukubwa? Mtandao wa kwetu kupandisha GB 9 ni shughuli.

#24 FundiKontena
Bi_Kontua, anza na taswira ya PyTorch ya `runtime`, siyo `devel`. Tumia `pip install --no-cache-dir`. Faili za modeli ziweke kwenye tabaka la chini kabisa la Dockerfile ikiwa hazibadiliki, msimbo juu yake. `docker push` hutuma matabaka yaliyobadilika tu, ukirekebisha mstari mmoja wa msimbo unatuma KB chache.

Pia kila `checkpoint_final.pth` ya nnU-Net ina kama MB 240, na nusu yake ni kumbukumbu ya mafunzo ambayo utabiri hauigusi. Ipakie kwa `torch.load`, futa `optimizer_state`, hifadhi tena. Mafungu matano yanashuka kutoka GB 1.2 hadi GB 0.6 hivi na majibu hayabadiliki hata vokseli moja.

#25 Tumbili_wa_Ngong
"Chini kabisa la Dockerfile" ni mstari wa mwanzo au wa mwisho? Fundi, sema kwa lugha ya binadamu.

#26 FundiKontena
😂 Sawa. Mistari ya juu kwenye faili ndiyo matabaka ya chini. Kwa hiyo `COPY` ya modeli itangulie, `COPY` ya msimbo ifuate.

#27 Nahodha_Mkavu
Muda pia. Kinyonga, mafungu matano na kugeuzageuza picha kwa pande zote ni ghali. Kipande cha nnU-Net kwenye BraTS ni 128×128×128. Ukishakata hewa, ubongo unabaki kama 140×175×150, na kwa hatua ya nusu kipande unapata 2×2×2, yaani vipande 8. Kila kipande kinageuzwa mara 8. Mara mafungu matano: 320 kwa mgonjwa mmoja. Ukizima kugeuza kwa `--disable_tta` unabaki na 40. Soma kikomo cha muda kwanza ndipo uamue unapunguza mafungu au kugeuza. Kupunguza kugeuza kwa kawaida hakuumizi sana kwenye glioma.

#28 Bi_Kontua
Na Grand Challenge, ile tovuti nyingine ya mashindano, ni hivyohivyo? Nina wasilisho lingine kule.

#29 PembeChaki
Wazo ni lilelile, mlango tofauti. Pale unasoma `/input`, unaandika `/output`, na jina la kila faili la kutoka limeamriwa na waandaaji, kosea herufi moja umeshindwa. Hakuna kusukuma, unapakia faili: `docker save jina:v1 | gzip -c > jina.tar.gz`. Kwa hiyo ile faida ya matabaka ya #24 huna, kila toleo ni mzigo mzima. Dawa yake ni kwamba faili za modeli unaweza kuzipakia kando kama tar.gz, zinafunguliwa kwenye `/opt/ml/model`, kontena linabaki na msimbo. Na kontena haliendeshwi kama root, kwa hiyo folda zote unazoandikia ziwe za mtumiaji uliyemuunda. Anza na awamu ya majaribio yenye wagonjwa wachache, usiruke kwenye ya mwisho, huko mara nyingi unapewa nafasi moja.

#30 Mchoraji_Kivuli
Swali la kanuni. Hawa 15 picha tunazo. Nikikaa na radiolojia tukazichora kwa mkono, nikafunzia modeli, nani atajua?

#31 JichoLaMRI
Kuchora data ya uthibitishaji kwa mkono ni udanganyifu, imekatazwa. Na haina faida: mshindi anapatikana kwenye seti iliyofichwa, siyo kwa hao 15.

#32 Mzee_wa_Jedwali
Kuna mfano wa kwa nini inafichwa. LUNA16, shindano la vinundu vya mapafu, lilitumia CT 888 ambazo majibu yake yako wazi kwa kila mtu. Alama za juu zikapanda hadi hazina maana tena ya nani bora. Na Kaggle 2021, RSNA-MICCAI ya kutabiri hali ya jeni la MGMT kwenye picha za BraTS: watu walipanda ubao wa hadharani kwa kubahatisha, ubao wa siri ulipofunguliwa nafasi zikapinduka na AUC ya mshindi (0.5 ni kubahatisha, 1 ni kamili) ilikuwa 0.62 tu. Kule unapewa mawasilisho matano kwa siku na unachagua mawili ya mwisho. Wengi walichagua yale yaliyong'aa hadharani.

#33 Mchoraji_Kivuli
Nimeelewa. Na data ya nje?

#34 MamaVokseli
Kanuni ya BraTS ya miaka mingi: data ya nje unaweza kuitumia kwa ajili ya makala, lakini uiseme wazi na uonyeshe pia matokeo ya data ya BraTS peke yake. Soma ya mwaka wako kwa sababu hubadilika, na inatofautiana kati ya zawadi na makala. Usisahau makala yenyewe: wanataka andiko fupi kwa mfumo wa LNCS wa Springer kabla hawajaendesha kontena lako. Hakuna andiko, hakuna mtihani.

Na tafadhali, data ya shindano usiiweke kwenye folda ya wazi ya mtandaoni ili "timu ipakue haraka". Kila mwanatimu aombe ruhusa kwa jina lake. Seti ya BraTS-Africa iliyoko TCIA (hifadhi ya picha za saratani) ina masharti yake na ya Synapse ina yake, usizichanganye.

#35 Kinyonga_255
Matokeo ya usiku. Nimeendesha kikokotoo cha kidonda kwa kidonda kwenye mafungu ya nyumbani, uvimbe wote:

watu wazima: ubongo mzima 0.93, kidonda kwa kidonda 0.86
Afrika 60: ubongo mzima 0.89, kidonda kwa kidonda 0.75

#36 Mzee_wa_Jedwali
Kikokotoo kimekula 0.07 na 0.14. Nimemaliza.

#37 JichoLaMRI
Hujamaliza. Kikokotoo ni kilekile pande zote, mbona kwa Afrika kimekula mara mbili? Madoa ni zaidi. Na madoa ni zaidi kwa sababu ya picha.

#38 Nahodha_Mkavu
Au kwa sababu ya mafunzo. 60 kati ya 1,311 ni asilimia 4.6. nnU-Net inachagua wagonjwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo kila vipande 20 vya mafunzo wa Afrika hafiki mmoja. Endelea kuifunza hiyohiyo kwa wale 60 kwa kasi ndogo ya kujifunza uone kama madoa yanapungua. Yakipungua, picha hazikuwa na kosa, uwiano ndio ulikuwa na kosa.

#39 PembeChaki
Na nyote mnasahau kwamba 15 ni wachache. Mgonjwa mmoja ni asilimia 6.7 ya alama nzima. 0.75 nyumbani na 0.70 kwenye seva inaweza kuwa mgonjwa mmoja tu aliyepata sifuri.

#40 Kinyonga_255
Jingine. Nimefuta madoa yote chini ya vokseli 200 nikapandisha tena: uvimbe wote umepanda hadi 0.81, kiini 0.74, lakini inayong'aa imeshuka hadi 0.61. Nimeangalia jedwali la kila mgonjwa, kuna mmoja aliyekuwa na 0.78 sasa ana 0.

#41 MamaVokseli
Huyo kidonda chake kinachong'aa ni kidogo kweli na wewe umekifuta. Kukosa kunalipiwa sawa na kuzua. Kikokotoo cha glioma kinapuuza vidonda vya mtaalamu vilivyo chini ya vokseli 50, kwa hiyo kati ya 50 na 200 ndipo ulipojichoma. Weka kizingiti kwa kila kanda peke yake, na kitafute kwenye wale 60, siyo kwenye hao 15. Tena kwa inayong'aa usifute hadi sifuri, badilisha iwe 1 ya seva, tishu iliyokufa. Ukiifuta inakuwa ubongo wa kawaida, kiini na uvimbe wote vinapata tundu.

#42 Mzee_wa_Jedwali
Kinyonga, kabla hujajiua kwa wastani: nafasi ya mwisho haitolewi kwa wastani. Wanapanga timu kwa kila mgonjwa, kila kanda, kila kipimo, kisha wanatoa wastani wa nafasi hizo. 374 kwenye mgonjwa mmoja inakuweka wa mwisho kwa huyo mmoja, basi, haikuburuzi kwenye wengine. Mwaka 2018 watafiti waliopitia mashindano 150 ya picha za tiba walionyesha kwamba ukibadilisha tu namna ya kujumlisha, mshindi anabadilika. Wanaokushinda kwa wastani huenda wasikushinde kwa nafasi, na kinyume chake.

#43 JichoLaMRI
Kwa hiyo Mzee unamshauri aache madoa?

#44 Mzee_wa_Jedwali
Namshauri afute madoa ya uvimbe wote na asiguse inayong'aa mpaka ameona wale 60. Wewe unamshauri anunue mashine ya MRI?

#45 JichoLaMRI
Namshauri afungue hizo picha saba zenye madoa azitazame, jambo ambalo tangu #1 hakuna aliyelifanya.

#46 Kinyonga_255
Nimezifungua sasa hivi, kweli ziko saba. Tatu madoa yako karibu na jicho, utando uliobaki. Mbili yako kwenye kona za vyumba vya maji ya ubongo. Moja sielewi. Ya saba ni kama kidonda cha kweli cha pili, JichoLaMRI hebu nieleze kwa maneno utakachotafuta kwenye FLAIR, maana picha yenyewe siruhusiwi kuiweka hapa.

#47 FundiKontena
Na kontena umeshajenga au bado tunatazama picha? Foleni inafungwa saa za Marekani, usije ukapiga hesabu kwa saa za Dar.